Shauku Haimlishi Mpiga Picha

Yako mafundisho yanayohubiriwa kila mahali siku hizi: kwenye semina za ujasiriamali, kwenye vipindi vya asubuhi vya redio, kwenye video fupi za simu. Kijana anaambiwa atafute anachokipenda, aache kazi ya mshahara, ajitose. Akikipenda kwa dhati, fedha itamfuata. Mpiga picha ndiye anayetolewa mfano mara kwa mara, maana kazi yake inapendeza machoni: kamera shingoni, safari, harusi za watu wakubwa, picha zinazosifiwa na maelfu. Mafundisho hayo yameota mizizi kiasi kwamba anayeyahoji huonekana anawaonea vijana wivu.

Mimi nayapinga waziwazi. Nayapinga kwa sababu ninaipenda kazi ya picha na ninataka wenye vipaji wabaki ndani yake mpaka waote mvi. Ninachokiona ni kinyume. Kijana mwenye jicho zuri anaacha ajira Januari, Juni anakopa kodi ya chumba, na mwaka haujaisha kamera imeuzwa kwa hasara. Kisha wahubiri wale wale wanamwambia kwamba hakuwa na shauku ya kutosha. Kosa la mafundisho limegeuzwa kuwa kosa la moyo wake, naye anaondoka akiamini kwamba yeye ndiye aliyepungua.

Hoja yangu ni hii. Kazi ya picha hapa Afrika Mashariki haikujengwa juu ya shauku ya anayepiga. Ilijengwa juu ya haja ya anayepigwa. Waliodumu ndani yake ni wale walioitambua haja hiyo, wakaitoza bei yake, wakaweka mapatano na wakatunza walichopiga. Shauku wengi wao walikuwa nayo tele, lakini haikulipa pango la studio hata mwezi mmoja.

Tuanze na historia, kwa kuwa wahubiri wa shauku hawaigusi. Wagoa akina Gomes waliendesha studio Zanzibar tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Wateja wa studio za namna hiyo hawakuja kwa sababu mpiga picha anaipenda kamera. Walikuja maharusi waliotaka siku yao ibaki, wazazi waliotaka kumpelekea mtoto aliye ng'ambo sura za nyumbani, watu waliohitaji picha za karatasi za serikali. Studio ya Oza ilipita katika Mapinduzi ya 1964, mwanawe Rohit akaendelea nayo, na picha za Unguja ya zamani zilizotunzwa humo zikageuka kuwa bidhaa kwa wageni na wenyeji. Hapo pana mambo matatu: haja ya watu, bei, na hifadhi.

Vuka bahari uende Mombasa. N. V. Parekh aliwapiga picha watu wa mji ule kwa miongo kadhaa, na mkao, nguo na mapambo ya picha zile yalikuwa shauri la mteja kama yalivyokuwa shauri la fundi. Panda juu mpaka Lamu. Omar Said Bakor alijifunza mwenyewe, akafanya kazi ya kutembea na kamera mitaani kwa miaka kabla ya kufungua studio yake, kisha akaunganisha picha kwa mikono katika chumba cha giza mpaka akapata sura ambazo leo wataalamu wa Ulaya wanaziandikia vitabu. Miaka ya 1990, kwenye kivuko cha Likoni kule Mombasa, wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majengo marefu, kwa sababu walijua kwamba mfanyakazi aliyetoka bara anataka nyumbani kwao wamwone akiwa mahali pazuri. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyeanza na swali la nini kinausisimua moyo wake. Walianza na swali la watu wanataka nini na wanaweza kulipa kiasi gani.

Watetezi wa shauku wana shujaa wao, na wana haki ya kumheshimu: Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanza na kamera kuukuu alipokuwa mvulana. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, alizozipiga akiwa na mwandishi wa BBC Michael Buerk, ziliitikisa dunia, na Julai 1985 likaja tamasha la Live Aid. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Novemba 1996 alifariki ndani ya ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Maisha kama hayo hayaelezeki bila moto wa ndani. Hilo silipingi.

Ninachopinga ni kuyasoma maisha yake nusu. Mwaka 1963, kabla hajatimiza miaka 21, Amin alianzisha kampuni. Aliiita Camerapix, na aliianzisha Dar es Salaam, mji ambao mambo ya uhuru, ya Zanzibar na ya vyama vya ukombozi yalikuwa yakiupitia kila wiki. Alijua nani anahitaji picha za mambo hayo: magazeti ya Nairobi na ya London, mashirika ya habari, vituo vya televisheni. Tukio moja alilipiga kwa picha za mnato na kwa filamu, akauza kwa zaidi ya mnunuzi mmoja. Alipofungwa Zanzibar mwaka 1966 kisha akalazimika kuhamia Nairobi, kampuni ilihama naye. Baadaye Camerapix ikachapisha vitabu vya picha vya Kenya, vya Makka na vya nchi nyingine, na baada ya kifo chake hazina ya picha zake ikabaki mikononi mwa familia, ikiendelea kutumika. Kijana anayeambiwa awe kama Mohamed Amin kwa kupenda tu anadanganywa kuhusu Mohamed Amin. Yule mtu alikuwa na wateja, daftari na ghala la picha kabla dunia haijamjua.

Wahubiri hawa hujificha nyuma ya methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanaitumia kumtuliza kijana asiye na wateja. Piga picha nzuri, wanasema, watu watakuja wenyewe. Methali ile ilizaliwa sokoni, mahali ambapo mnunuzi anakishika kitu mkononi, anakinusa na kukilinganisha na cha jirani. Picha haina soko la namna hiyo. Mwenye hoteli Nungwi anayehitaji picha za vyumba vyake hajui kwamba upo. Muuza viatu wa Kariakoo anayetegemea Instagram anajua kwamba mauzo yake yamesimama, ila hajui kwamba picha zake za gizagiza ndizo zinazomkimbizia wateja. Shirika linalochimba visima Dodoma linaandika ripoti ya mwaka na kubandika picha zilizopigwa na dereva. Wote hao wana haja na wana fedha. Anayewapata ni yule anayebisha hodi na picha kumi za mfano, bei iliyoandikwa na tarehe ya kukabidhi kazi. Kizuri kisichotembezwa kinabaki kwenye simu ya aliyekipiga.

Kutoka kwenye methali hiyo wanateremka hadi kwenye ushauri mbaya kuliko yote: fanya bure upate jina. Ushauri huu ndio unaowala wapiga picha wa miji yetu. Mwenye shughuli analipia ukumbi, chakula, mshereheshaji, muziki na mapambo, tena kwa malipo ya awali. Ikifika zamu ya picha anasema atakutangaza. Kamati ya harusi inayohesabu mchango hadi shilingi ya mwisho inamwona mpiga picha kama ndugu wa kusaidia. Naye anakubali, kwa sababu ameambiwa kwamba mwenye shauku hafikirii fedha. Anayepata hasara hapo si yeye peke yake. Mwenzake anayelipa pango na msaidizi anaambiwa wiki inayofuata kwamba mwingine alipiga bure, mbona wewe unataka fedha nyingi? Jina linalopatikana kwa bure ni jina la mtu wa bure, na huchukua miaka kulifuta.

Nitofautishe hapa, nisije nikaeleweka vibaya. Kumpigia picha mama yako, msikiti wenu, kanisa lenu, au mtoto wa jirani siku ya mahafali ni ukarimu, na ukarimu ni wa kwako kuutoa. Kampuni yenye bajeti ya matangazo inapokuomba ukarimu, inakuomba ulipie matangazo yake.

Sasa tufanye hesabu, jambo ambalo semina za shauku hulikwepa. Tuseme mpiga picha wa Dar es Salaam anatoza harusi moja shilingi 500,000, bei ambayo wengi wanaoanza wangeifurahia. Msaidizi anachukua 80,000, usafiri 50,000, kuchapisha albamu 120,000, bando na hifadhi ya picha 20,000. Zimebaki 230,000. Kamera mbili, lenzi, taa na kompyuta tuziwekee thamani ya shilingi milioni 6, zidumu miaka 4. Hiyo ni milioni moja na nusu kila mwaka. Akipata harusi 25 kwa mwaka, kila harusi inabeba 60,000 za uchakavu wa vifaa. Zimebaki 170,000. Kazi yenyewe haikuwa ya siku moja: siku ya kukutana na maharusi, siku ya sherehe, siku nne za kuchagua na kuhariri picha. Gawanya kwa siku sita, unapata kama 28,000 kwa siku. Zidisha zile 170,000 kwa harusi 25, unapata 4,250,000 kwa mwaka, yaani kiasi cha 354,000 kwa mwezi. Hapo hajalipa kodi ya serikali, pango, wala daktari.

Hesabu hii haimwambii kijana aache picha. Inamwambia kwamba bei aliyoiona kubwa ni ndogo, na kwamba harusi peke yake kwa bei hiyo hazimtoshi. Shauku haiwezi kumwambia hivyo. Shauku ingemwambia apige harusi nyingi zaidi kwa furaha ile ile mpaka mgongo na macho vichoke. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mpiga picha ndiye mtu wa kwanza ninayemfikiria ninapoisikia methali hiyo.

Daftari linaonyesha pia jambo ambalo kila mpiga picha wa harusi analijua mwilini: kazi hii ina misimu. Mwezi wa Ramadhani Waislamu kwa kawaida hawafanyi sherehe za ndoa. Kwaresima Wakatoliki huzisitisha. Machi 2025 funga hizo mbili ziliangukia mwezi mmoja. Aliyetegemea harusi pekee aliingia mwezi ule akiwa na pango la kawaida, chakula cha kawaida na kalenda tupu, kisha akasubiri Mfungo Mosi na Pasaka vimrudishie pumzi. Aliyekuwa na mkataba wa kupiga bidhaa za duka, chakula cha hoteli au nyumba za dalali, alifanya kazi mwezi mzima. Kupenda harusi hakubadilishi kalenda. Kuijua kalenda ndiyo elimu ya kazi, na ni elimu ambayo kinyozi, fundi cherehani na muuza vitenge wanayo tayari. Kwa nini tumnyime mpiga picha kwa kisingizio kwamba yeye ni msanii?

Fundisho la tatu ninalolipinga ni dharau kwa mwenye kazi mbili. Huyu huitwa mwoga. Wanasema hawezi kuwa mpiga picha wa kweli mpaka achome daraja nyuma yake. Muhidin Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti la Daily News alipoanzisha blogu yake ya picha mwaka 2005, blogu iliyosomwa na Watanzania wa ndani na wa ughaibuni kwa miaka mingi. Boniface Mwangi alipiga picha za machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 akiwa mpiga picha wa gazeti; baada ya hapo ndipo yakaja maonyesho ya mitaani ya Picha Mtaani na kituo cha PAWA254 jijini Nairobi. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye picha zake zimetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa, alikuwa seremala kabla ya kufungua studio yake mwaka 1948. Malick Sidibé wa mji huo huo, Mwafrika wa kwanza kupewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha, mwaka 2007, alikuwa pia fundi wa kutengeneza kamera. Nani atathubutu kuwaita watu hawa waoga?

Mshahara unaoingia mwisho wa mwezi ndio unaompa mpiga picha nguvu ya kukataa bei ya kudhalilisha. Aliyeacha kazi mapema hana nguvu hiyo; anakubali chochote, na soko zima linashuka pamoja naye. Kwa hiyo mwenye kazi mbili anailinda fani, na yule anayesifiwa kwa ujasiri wa kujitosa mara nyingi ndiye anayeivunja bei.

Watanijibu kwa mfano wa wale waliojitosa wakafika. Sarah Waiswa, aliyezaliwa Uganda na kufanya kazi yake Kenya, aliacha kazi ya ofisini akaingia katika picha, na mwaka 2016 akashinda tuzo huko Arles, Ufaransa, kwa picha za mwanamke mwenye ualbino alizozipiga Kibera. Mfano huo ni wa kweli na unatia moyo. Lakini mfano wa mtu mmoja haugeuki kanuni ya wote. Waliovuka tunawaona, waliozama hawaalikwi kwenye semina. Na hata aliyevuka hakuvuka kwa kupenda: alivuka kwa kazi iliyokamilika, yenye somo moja lililofuatwa kwa kina, iliyopelekwa mahali pa kushindanishwa. Kuacha ajira si dhambi. Dhambi ni kumwambia mtu aiache kabla hajajua atamwuzia nani.

Nifike sasa mahali panapoumiza zaidi, hakimiliki. Mhubiri wa shauku hana muda na sheria; anaiona kama vumbi kwenye ndoto. Matokeo yake, vijana wanatoa mali yao bila kujua kwamba ni mali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabika imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Fikiria maana yake. Mpiga picha wa Nakuru anapiga picha za kampuni ya maziwa kwa mapatano ya mdomo. Picha zinakwenda kwenye mabango, kwenye pakiti, kwenye kalenda, mwaka hadi mwaka. Hana la kudai. Ukurasa mmoja ulioandikwa kabla ya kazi, wenye kueleza picha zitatumika wapi na kwa muda gani, ungembakishia haki ambayo sheria inaitambua kwa miaka 50. Tanzania nayo ina sheria yake ya hakimiliki ya 1999, na ulinzi wake huanza pale kazi inapozaliwa. Haki ipo, lakini haki isiyoandikwa kwenye mapatano humpendelea mwenye wakili.

Sheria inamlinda anayepigwa pia, na ni vema iwe hivyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya kwake ya 2022. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mpiga picha aliyefundishwa kufuata moyo wake atapiga na kuweka mtandaoni kila sura inayomvutia. Mpiga picha aliyefundishwa kazi ataomba ridhaa, ataiandika, na atamwambia mteja kwamba fomu ya ridhaa ni sehemu ya huduma anayoiuza. Huyu wa pili ndiye ambaye shule, hospitali na mashirika vitamrudia.

Na milango ya wateja wakubwa ina ufunguo wake. Kampuni ya Kenya itataka ankara ya eTIMS, mfumo wa kodi wa kielektroniki. Taasisi ya serikali ya Tanzania itakutaka uwe ndani ya mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, uwe na namba ya mlipakodi na leseni. Ni mambo ya kuchosha, nakiri. Lakini kijana aliyeyatimiza anaingia mahali ambapo mamia ya wenye vipaji kumshinda wamebaki nje. Huu ndio ukweli ninaotaka uhubiriwe redioni asubuhi.

Pingamizi zito kuliko yote nimeliacha hadi hapa, kwa sababu linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: ukiiweka hesabu mbele, sanaa inakufa. Mpiga picha anageuka mtumwa wa mteja, anapiga keki na nyuso zilizopakwa poda, na lile jicho lililomtofautisha linapofuka. Nalielewa pingamizi hili. Wapo walioacha kuona kwa sababu ya kazi nyingi za haraka. Lakini angalieni ni picha zipi tunazoziita sanaa leo. Picha za Bakor zilipigwa kwa kulipwa na watu wa Lamu. Picha za Parekh zilipigwa kwa kulipwa na watu wa Mombasa. Keïta aliweka saa, redio na hata gari lake tayari kwa mteja aliyetaka kuonekana mtu wa mjini, na kutokana na mapatano hayo baina ya fundi na mteja zikatoka picha ambazo ulimwengu umezihifadhi. Mteja hakuiua sanaa yao. Aliileta mlangoni akiwa amevaa nguo zake bora.

Kinachoua jicho ni njaa. Mwenye njaa anapiga harusi nne katika siku mbili, anahariri usiku kucha, anatumia mkao ule ule kwa kila bibi harusi kwa kuwa hana nafasi ya kufikiri. Mpe bei inayomtosha na atapiga harusi chache, atafika nyumbani kwa bibi harusi mapema, atamjua bibi yake, atajua ni shangazi gani atakayelia na ni mjomba gani hataki kupigwa picha. Siku ya mapumziko atakwenda kupiga alichokitaka yeye, soko la samaki la Feri au uwanja wa mpira wa mtaani, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa mpiga picha, bei ya haki ndiyo uhuru wake, na anayemkataza kuizungumza anamkataza sanaa yenyewe.

Watasema pia kwamba simu imemaliza kila kitu, hivyo bila shauku ya ajabu hakuna tena nafasi. Simu imechukua kazi moja: kuonyesha kwamba jambo lilitokea. Haijachukua kazi ya kuwajibika. Mama anayemwoza binti yake hataki kutegemea simu za wageni waliosimama mbele ya kamera na mbele ya shehe. Anataka mtu mmoja aliyelipwa, aliyeahidi kwa maandishi, mwenye betri ya akiba na kadi mbili ndani ya kamera, atakayezitunza picha zile mahali pawili tofauti, ili zikihitajika miaka kumi baadaye, pengine siku ya msiba, zipatikane. Hicho ndicho kinachouzwa. Kila mtu ana simu. Mwenye dhamana ni mmoja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wahubiri wa shauku katika mzizi kabisa. Wao wamemweka mpiga picha katikati: moyo wake, ndoto yake, safari yake. Mimi namweka mtu aliye mbele ya lenzi. Kijana anayeuliza, "Nitaishije kwa kitu ninachokipenda?" ameanza vibaya. Aulize, "Nani anakosa kitu kwa sababu picha yake haipo, na nitampa nini akose sababu ya kwenda kwingine?" Swali la kwanza linamrudisha kila siku kwenye hisia zake, ambazo hupanda na kushuka. La pili linamtoa nje ya nyumba akatafute wateja.

Kwa hiyo mzazi anayeogopa mtoto wake asije akapotea asimkataze kamera. Amwulize wateja wangapi wamerudi mara ya pili, na asikubali jibu la wangapi wamezipenda picha mtandaoni. Chuo kinachofundisha upigaji picha kiweke somo la mikataba na bei kabla ya somo la lenzi, maana lenzi mwanafunzi atajifunza hata peke yake. Wapiga picha wa mji mmoja wakae pamoja wakubaliane bei ya chini ambayo hakuna atakayeivunja, na waisimamie kama wavuvi wanavyosimamia zamu zao. Na wewe uliyeajiriwa, ambaye usiku unahariri picha na asubuhi unawaza kuandika barua ya kuacha kazi: usiiandike kwa sababu moyo umekusukuma. Iandike siku ambayo daftari lako la miezi kumi na miwili, pamoja na Ramadhani na Kwaresima zake, litaonyesha kwamba wateja wako wanakulipa zaidi ya mwajiri wako. Siku hiyo itafika mapema zaidi kwa anayehesabu kuliko kwa anayeota, na atakayeacha kazi siku hiyo hatalazimika kuirudia.